Nilienda Fort Jesus Kutafuta Historia, Nikaikuta Getini Ikiuzwa

Niseme ukweli mapema kabla hamjaniuliza. Sikuenda Fort Jesus kwa sababu napenda historia. Nilienda kutafuta video. Nilikuwa nimewaona vijana wa nchi zingine wakizunguka ngome za visiwa vya Karibi, Havana na San Juan huko, mizinga imeelekezwa baharini, droni iko juu, muziki uko chini, na watu wanapenda kweli kweli. Nikajiambia, kwani sisi tunakosa nini? Tuko na kisiwa, tuko na ngome, tuko na mizinga. Nikachaji simu, nikaaga Susu, nikatoka Mwala saa kumi na moja alfajiri.

Susu ni nyanya yangu, mama yake baba. Kwetu Ukambani nyanya ni susu. Aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda Mombasa kuona nyumba ya mawe ya zamani sana, Wareno walijenga, ina ukuta mnene kuliko hii nyumba yetu yote. Akafikiria kidogo, halafu akaniuliza: "Sasa ng'ombe walikuwa wanalala wapi?"

Nilicheka hadi nikasahau kufunga begi. Nilirudi nyumbani siku tatu baadaye nikiwa sicheki tena, na ndiyo sababu ninaandika hii.

Ukitoka kwetu unapanda matatu hadi Machakos, unabadilisha, unashukia Kyumvi pale barabara ya Mombasa, halafu unangoja basi lenye kiti. Wengi wetu barabara ile tunaijua kwa usingizi. Unafumba macho Salama, unafumbua Mtito Andei ukanunue chai, unalala tena mpaka Mariakani. Lakini njia ya kwetu kwenda Pwani ni ya zamani kuliko lami, na ni ya zamani kuliko reli. Karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka na pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na shaba. Na usidhani walikuwa wanabebea mtu mizigo. Biashara ilikuwa yao.

Wakati Mjerumani Johann Ludwig Krapf alitoka Rabai mwaka 1849 kuja Ukambani, hakuja kugundua watu waliopotea. Alikuja kwa watu ambao tayari walikuwa wanafanya biashara mlangoni kwake. Huko Kitui alipokewa na Kivoi, tajiri wa misafara, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya. Jina alilolisikia kwa wenyeji wake ndilo aliloandika, na jina hilo likaja kuwa la nchi nzima. Shuleni nilikariri kwamba Krapf alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona mlima. Hakuna mtihani hata mmoja ulioniuliza ni nani aliyemwonyesha.

Tulipopita Tsavo nikakumbuka kitu kingine. Wale simba wawili waliokuwa wakila wafanyakazi wa reli mwaka 1898 hawako Tsavo, wala hawako Nairobi. Ngozi zao ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, na mpaka leo wako huko, wamejazwa, wamesimama nyuma ya kioo. Ukitaka kuwaona simba wa Tsavo, tafuta viza ya Marekani. Hiyo nikaiandika kwenye simu, nikaona itakuwa mstari mzuri wa kufungua video.

Kufika Fort Jesus, manze, sitadanganya. Ni kitu kikubwa. Picha haziwezi. Ukuta unapanda kutoka kwenye mwamba wa matumbawe kama ulizaliwa nao, na mlango wa kuingilia umewekwa kwa njia ambayo unajiona mdogo kabla hujafika ndani. Nadhani ilikuwa nia yao.

Ujenzi ulianza mwaka 1593 na kumalizika 1596. Aliyechora ramani ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mfalme aliyetawala Ureno wakati huo alikuwa Philip wa Pili, ambaye pia ndiye aliyekuwa mfalme wa Uhispania. Sasa sikiza hii. Zile ngome za Karibi nilizokuwa nazionea wivu? Ile kubwa ya Havana, El Morro, ilianza kujengwa mwaka 1589, miaka minne tu kabla ya hii yetu, na mchoraji wake pia alikuwa Mwitaliano, Battista Antonelli. Mfalme ni yule yule. Kwa hivyo yule kijana wa Cuba anayepiga selfi kwenye mzinga na mimi wa Mwala ninayepiga selfi kwenye mzinga, wote tumesimama kwenye mali ya bwana mmoja aliyekaa Ulaya akilinda njia zake za pesa. Huko analinda fedha ya Amerika, huku analinda njia ya Bahari ya Hindi. Hakuwahi kukanyaga Havana, hakuwahi kukanyaga Mombasa.

Nilichukua mwongozaji, mzee mmoja wa Mji wa Kale, kofia safi, Kiswahili kile cha kukufanya uone aibu na chako. Nilidhani ataniambia tarehe na mizinga tu. Akaniambia kuhusu mtoto.

Mtoto huyo aliitwa Yusuf bin Hasan. Baba yake alikuwa Sultani wa Mombasa na aliuawa baada ya kugombana na Wareno. Wareno wakamchukua Yusuf akiwa mdogo, wakampeleka Goa, India, wakambatiza, wakampa jina Jerónimo, wakamsomesha, wakamlea awe mtu wao. Alipokuwa mkubwa wakamrudisha Mombasa awe mfalme wa kwenye karatasi. Mwaka 1631 Yusuf aliingia ndani ya ngome hii hii, akamuua kapteni wa Wareno, akarudia jina lake na dini yake, akashika ngome nzima. Wareno walileta jeshi la kuichukua, likashindwa. Mwaka 1632 Yusuf akaondoka mwenyewe na meli, akawaacha na kuta zao.

Kabla hujampigia makofi, ujue pia kwamba waliouawa mwaka ule hawakuwa wanajeshi peke yao. Wakristo wa mjini waliuawa, pamoja na Waswahili waliokuwa wamebatizwa. Mwongozaji hakuruka hiyo sehemu. Aliisema polepole huku anaangalia bahari. Hapo nikazima kamera kidogo. Nilikuwa nimekuja na muziki wa shangwe, na hadithi ilikuwa imekataa muziki.

Halafu kuna kuzingirwa. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 Waomani waliizunguka ngome. Karibu miaka mitatu. Kwenye vitabu tunaambiwa ni Wareno dhidi ya Waarabu, kama mechi. Lakini hesabu ya ndani inasema kitu tofauti. Mwanzoni Wareno humo ndani walikuwa makumi tu. Wengi zaidi walikuwa watu wa Pwani hii, mamia kwa mamia, waliokimbilia humo pamoja na wake na watoto. Njaa na maradhi viliwamaliza wengi kuliko risasi. Meli ya Wareno iliyoleta msaada, Santo António de Tanná, ilizama hapo hapo chini ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliifanyia kazi miaka ya 1970, na vitu vyake unaviona ndani ya makumbusho. Mlango wa ngome ulipofunguliwa mwisho, walikuwa wamebaki watu wachache tu.

Baada ya hapo ngome ikawa kama kiti cha matatu, huyu anashuka huyu anapanda. Wareno walirudi mwaka 1728 wakafukuzwa mwaka uliofuata. Wamazrui wakatawala hapo. Mwaka 1837 Sayyid Said wa Zanzibar akaichukua. Mwaka 1875 manowari za Waingereza zikaipiga mizinga. Kuanzia 1895 hadi 1958 ikawa jela. Miaka 63, watu wamefungwa humo. Ndipo ikafanywa mnara wa taifa, ikakarabatiwa kwa pesa za wakfu wa Gulbenkian kutoka Ureno, na mwaka 1960 ikafunguliwa kama makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Nilimuuliza mwongozaji: wafungwa wa ile miaka 63, majina yao yako wapi humu ndani? Akanyamaza. Halafu akanigeuzia swali.

"Mwanangu, kwenu ni wapi?"

"Mwala, mzee. Machakos."

"Na huko kwenu mna nini cha kale?"

Nikasema, bila hata kufikiria: "Hatuna kitu, mzee."

Hiyo sentensi nimeirekodi. Ipo kwenye simu, sauti yangu, iko wazi kabisa. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko video yoyote niliyowahi kutengeneza.

Kutoka nje jua lilikuwa kali, nikaenda kusimama kwenye kivuli cha kibanda kimoja karibu na ngome. Twiga, vifaru, ndovu, vinyago, vijiko vya saladi, vyote vya mbao. Mama aliyekuwa anauza aliniangalia, akaangalia namna nilivyokuwa naongea kwenye simu na beshte yangu wa nyumbani, halafu akasema tu: "Wakya, kavisi?"

Kama wewe si Mkamba, hiyo ni salamu ya mtu mzima kwa kijana. Nikajibu "Aa, mwaitu," kwa heshima, mdomo wazi. Kumbe ni wa Wamunyu. Wamunyu! Hapo kwetu, ndani ya Mwala. Mume wake anachonga huko Changamwe, na baba mkwe wake alichonga kabla yake. Aliniuliza nimeona nini ndani. Nikamwambia mizinga, meli iliyozama, kuta. Akainua ndovu mmoja mdogo, akampangusa vumbi na kanga, akaniambia: "Wageni wakitoka huko ndani ukuta wanaenda nao kwa picha. Lakini mkononi wanabeba Wamunyu."

Wasee, hapo ndipo nilipokaa chini.

Kwa sababu hii hadithi naijua. Kila mtoto wa Mwala ameisikia nusu nusu, na hakuna anayeihesabu kuwa historia. Wakamba walichonga viti na vijiko tangu zamani, lakini hii biashara ya sanamu, hii unayoiona uwanja wa ndege na hotelini na kwenye kabati la mzungu, inarudi kwa mtu mmoja wa Wamunyu: Mutisya Munge. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Wajerumani. Huko akaona kazi ya wachongaji Wazaramo. Vita vilipokwisha akarudi nyumbani na ujuzi mkononi, akaanza kuchonga, akawafundisha wanawe, jirani akaona, jirani wa jirani akaona. Ndani ya miaka michache kijiji kizima kilikuwa na patasi. Wachongaji wakashuka Nairobi, wakashuka Mombasa, wakaunda ushirika Wamunyu na mwingine Changamwe. Wakamaliza mpingo, wakamaliza muhugu, sasa wanachonga hata mwarobaini.

Fikiria hiyo njia. Mtu anachukuliwa kwenda kwenye vita ambavyo si vyake, kati ya Waingereza na Wajerumani, na badala ya kurudi na kovu peke yake anarudi na kazi itakayolisha vizazi. Kama hiyo si historia, basi hata mizinga ya Philip wa Pili ni vyuma chakavu.

Na Mutisya Munge alikuwa na bahati, kwa sababu alirudi. Vile vita vilimeza Waafrika wengi sana, na wengi wao hawakuwa na bunduki. Walikuwa wabeba mizigo. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariokor pale Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam, yote yametoka kwa jeshi la wabeba mizigo, ile Carrier Corps. Ukipita Kenyatta Avenue kuna sanamu ya shaba ya wanaume watatu, imesimama hapo tangu miaka ya 1920. Imeandikwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na maandishi yake yanaahidi kwamba watoto wa waliokufa watakumbuka majina ya baba zao. Sasa zunguka hiyo sanamu mara tatu utafute jina hata moja. Hakuna. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakuandikwa majina kama Wazungu walivyoandikwa, na ikaomba msamaha. Miaka mia moja baadaye.

Kwa hivyo nilipoambia yule mzee "hatuna kitu", nilikuwa nimekosea, lakini kosa langu lilikuwa na mwalimu. Tumefundishwa kwamba historia ni kitu cha mawe. Kitu chenye tiketi. Kama hakuna ukuta, hakukutokea kitu.

Angalia kwetu Machakos. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo chake kwa Masaku mwishoni mwa miaka ya 1880, kabla Nairobi haijazaliwa. John Ainsworth alikaa hapo kuanzia 1892, akisimamia eneo lote kutoka Machakos, mpaka reli ilipotupita kando na ofisi zikahamishiwa Nairobi mwaka 1899. Hiyo tunaisoma. Lakini kwenye vitabu vile vile vya sekondari kuna mstari mmoja unaosema Wakamba walikasirika kwa sababu watu wa kampuni walikata mti wa ithembo ili wapate mlingoti wa bendera. Mstari mmoja tu. Ithembo ni mahali patakatifu, mahali pa kuomba mvua. Yaani walichukua kanisa la watu wakalifanya nguzo ya bendera. Na kwa sababu kanisa lilikuwa mti, leo huwezi kwenda kupiga nalo picha. Mawe ya Philip yapo. Mti wetu ulikatwa.

Kuna watu watasema hapa: basi Fort Jesus ibomolewe, ni ya wakoloni. Mimi sikubaliani. Ukibomoa Fort Jesus unambomolea Yusuf bin Hasan, unawabomolea wale mama na watoto waliokufa njaa ndani, unawabomolea wafungwa wa miaka 63. Ngome ni ya kila aliyeumia ndani yake. Mimi nataka iendelee kusimama, na tiketi tulipe. Ninachokataa ni kuifanya kipimo. Eti kitu kisichofanana na Fort Jesus si urithi.

Na hata UNESCO wenyewe hawasemi hivyo. Misitu ya makaya ya Wamijikenda iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya Fort Jesus. Msitu! Miti na vijia na sheria za wazee, bila ukuta hata mmoja. Na wale wale Wamijikenda wanajua uchungu wa upande mwingine pia. Vigango vyao, zile nguzo za kumbukumbu za marehemu, ziliibwa makaburini zikauzwa Marekani kama mapambo. Nyingine zimeanza kurudi, zikiwemo 30 ambazo makumbusho moja ya Denver ilirudisha mwaka 2019. Makumbusho za nje zina zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyoorodheshwa. Kwa hivyo usiniambie hatukuwa na vitu. Vilikuwepo hadi vikaibwa.

Nilirudi nyumbani na gigabaiti kadhaa za mawe. Jioni nikamwonyesha Susu kwenye simu. Aliangalia mizinga, akaangalia ukuta, akaangalia mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akarudia lile swali lake: "Na ng'ombe?"

Safari hii sikucheka. Nikamuuliza kwa nini ng'ombe.

Akaniambia kuhusu mwaka wa ng'ombe. Alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, kwa hivyo alichonacho ni cha mama yake. Serikali ya mkoloni ilisema Wakamba wana mifugo mingi kupita kiasi, udongo unaharibika, basi lazima ipunguzwe. Ng'ombe wakachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa mnadani kwa bei ya kutupa. Huo ndio wakati kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinafunguliwa Athi River na kilihitaji ng'ombe. Hayo ya kiwanda nimeyasoma mimi, Susu hakuyajua. Yeye alijua tu kwamba boma la babake lilibaki na matope bila kwato.

Mwaka ni 1938. Watu wa Machakos waliunda Ukamba Members Association, na kiongozi wao alikuwa Samuel Muindi Mbingu. Mwezi Julai watu zaidi ya elfu moja, wanaume na wanawake na watoto, walitembea kwa miguu hadi Nairobi kumtafuta gavana. Hawakurusha jiwe. Walikaa tu huko Nairobi wiki baada ya wiki, wakisema hawaondoki mpaka wamwone. Mwishowe Gavana Brooke-Popham akalazimika kuja Machakos kuongea nao. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, mji mwingine wa Pwani wenye ngome ya mawe ambayo leo ni makumbusho. Lakini kabla mwaka haujaisha, uuzaji wa lazima wa ng'ombe ulikuwa umesimamishwa. Watu wa kawaida, kwa miguu yao, miaka kumi na minne kabla ya hali ya hatari, waliifanya serikali ya Uingereza irudi nyuma.

Wewe wa Nairobi, Muindi Mbingu Street unaijua. Ndiyo ile ya City Market. Umepita hapo mara ngapi ukikimbilia mat? Na ndani ya City Market kuna nini? Sanamu za mbao za Wakamba. Jina la mtu wetu liko juu ya kibao, kazi ya watu wetu iko chini, na sisi tunapita katikati tukisema hatuna historia.

Susu aliniambia babake alikuwa kwenye ile safari. Alitembea kutoka Mwala hadi Nairobi, akarudi na malengelenge ambayo mama yake Susu aliyaosha kwa maji ya chumvi. Hilo tu. Hakuna picha, hakuna karatasi, jina lake haliko kwenye kitabu chochote. Kwa Susu, nyumba ya mawe isiyo na boma haielezi chochote, kwa sababu historia anayoijua yeye ilianzia bomani. Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Mimi ndiye sikujua kulisoma.

Nilimuuliza, Susu, mbona hukuwahi kuniambia? Akasema: "Hujawahi kukaa."

Nimeishi na huyu mama maisha yangu yote. Nilipoacha chuo na kurudi nyumbani, nilikuwa naye kila siku, tunakula sahani moja, na mimi nikiwa na simu ya kurekodi mkononi. Nimerekodi mvua, nimerekodi kuku, nimerekodi mchezo wa kuigiza sauti yake ili watu wacheke. Kitu pekee sikurekodi ni anachojua. Na siku hizi anaanza kusahau. Juzi alimwita baba kwa jina la marehemu kaka yake, mara mbili, bila kujirekebisha. Kuta za Fort Jesus zina miaka zaidi ya 400 na bado ziko sawa. Makumbusho niliyo nayo nyumbani haina huo muda.

Kwa hivyo sitawaambia msiende Fort Jesus. Nendeni. Ukiwa ndani, mwulize mwongozaji kuhusu Yusuf na kuhusu jela, usiulize tu mzinga una uzito gani. Ukitoka, mwulize anayeuza ndovu amezaliwa wapi. Ukiwa Nairobi, simama dakika moja chini ya kile kibao cha Muindi Mbingu. Ukija Mwala, pita Wamunyu uone patasi zikifanya kazi, pita Kabaa ambako Tom Mboya alisoma akiwa kijana mdogo. Na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 ipo. Mahali panaweza kutangazwa mnara wa taifa hata kama si pa mawe. Inahitaji watu wa kupajua kwanza, halafu watu wa kusumbua ofisi. Mimi naanza na kilima kimoja ambacho wazee wanasema palikuwa na ithembo. Nitaenda na mzee, si na droni.

Lakini kabla ya hayo yote, kaa. Kaa na susu wako, cucu, dani, bibi, kokote unakotoka. Usimuulize "niambie historia", atanyamaza. Muulize ng'ombe walilala wapi. Muulize nani alimuosha nani miguu.

Jina la babake Susu sasa ninalo. Aliniambia jioni ile, jina lake na la mbari yake, na majina ya ng'ombe wawili waliochukuliwa, anawakumbuka kwa majina kama watu. Nilitaka kuyaweka hapa. Akakataa. Alisema kwanza yajulikane na watoto wa nyumbani, wale wadogo wasiojua hata mimi nilienda wapi. Basi yako kwenye daftari, kwa kalamu, na Jumapili wakija nitawakalisha chini mmoja baada ya mwingine.